Maji, chumvi na sukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vinywaji vya michezo

Maswali haya ni ya watu wa jogging, wachezaji wa mpira, waendesha baiskeli na wale wanaojiandaa kwa nusu marathoni au marathoni nzima. Majibu yanaingia kwenye kemia, kwa sababu bila kemia kidogo lebo ya chupa haisomeki na mnunuzi anabaki kuamini rangi na tangazo. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo, kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla ya kufuata viwango vya chumvi na sukari vilivyotajwa hapa.

Kwa nini mwili unatoa jasho jingi hivyo?

Kwa sababu sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 12 kwa saa moja hutumia takribani kilokalori 720, yaani kilojuli 3,000 hivi. Karibu robo yake ndiyo inayofanya kazi ya kumsogeza. Zinazobaki, kama kilojuli 2,300, ni joto tupu. Lingebaki lote ndani, mwili wake ungepanda zaidi ya nyuzi 10 kabla saa haijaisha, na hakuna binadamu anayenusurika hapo. Kinachomwokoa ni jasho: kila lita moja inayokauka juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi. Linganisha namba hizo mbili utaona kwamba saa moja ya mbio za kawaida inahitaji karibu lita nzima ya jasho likauke.

Tilia mkazo hilo neno "likauke". Jasho linalodondoka chini halijapoza chochote. Limeondoka na maji yako na chumvi yako bure.

Jasho lina nini ndani yake?

Maji kwa sehemu kubwa, kisha sodiamu na kloridi, ambazo zikiwa pamoja ndiyo chumvi ya mezani. Zipo pia potasiamu kidogo na magnesiamu kwa uchache zaidi. Madini haya yakiyeyuka kwenye maji hubeba chaji ya umeme, ndiyo maana huitwa elektrolaiti.

Kilicho cha ajabu ni namna tezi ya jasho inavyofanya kazi. Chini kabisa, kwenye fundo lake, hutengeneza majimaji yenye chumvi karibu sawa na ile ya damu. Majimaji hayo yanapopanda kwenye mrija kuelekea juu ya ngozi, kuta za mrija huinyakua sodiamu na kuirudisha mwilini. Ukitembea polepole, mrija unapata muda wa kuokoa chumvi nyingi. Ukikimbia kwa kasi jasho linapita haraka, mrija unazidiwa, na jasho linatoka likiwa na chumvi zaidi. Kwa hiyo lita moja ya jasho inaweza kuwa na milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 20 za sodiamu kwa mtu mmoja na 80 kwa mwenzake waliyekimbia pamoja. Milimoli 40 ni sawa na gramu 2.3 za chumvi. Potasiamu ni kidogo sana, kati ya milimoli 4 na 8.

Kama fulana yako nyeusi hubaki na michirizi myeupe ikikauka, na jasho linakuwasha machoni, wewe ni katika wale wanaopoteza chumvi nyingi. Mwenzako asiye na michirizi hahitaji kunywa unachokunywa wewe.

Basi kwa nini nisinywe maji tu? Sukari inaingiaje hapa?

Kwa mazoezi ya chini ya saa moja, kunywa maji tu. Jogging ya Jumamosi asubuhi ya kilomita 5 au 8 haihitaji chupa ya rangi, na mtu anayekimbia ili apunguze uzito anajirudishia kwenye chupa sehemu ya kile alichokichoma barabarani.

Mazoezi yakivuka saa moja na nusu mambo hubadilika, na sababu yake iko kwenye utumbo mwembamba. Maji hayasukumwi na chochote kuingia kwenye damu. Hufuata chembe zilizoyeyuka: palipo na chembe nyingi ndipo yanapokwenda, na mwendo huo ndio osmosi. Kwa hiyo anayetaka maji yavuke ukuta wa utumbo haraka lazima kwanza avushe chembe. Kwenye ukuta huo kuna protini inayofanya kazi kwa masharti magumu: hupokea ioni (chembe zenye chaji) mbili za sodiamu pamoja na molekuli moja ya glukosi, kisha huzivusha kwa pamoja. Sodiamu peke yake haipiti hapo, na glukosi peke yake haipiti. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu nje kuelekea kwenye damu, ioni 3 kwa kila ioni 2 za potasiamu zinazoingia. Chembe zinarundikana upande ule, na maji yanazifuata.

Mwanakemia Robert Crane aliueleza ushirika huu wa sodiamu na glukosi katika mkutano wa kisayansi mjini Prague mwaka 1960. Tangu hapo maarifa hayo yamewaokoa mamilioni ya watoto wanaoharisha, kwa sababu pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa kuyeyusha kwenye maji, inasimama juu ya msingi huohuo. Mwaka 1968 madaktari mjini Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kinywa. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambini Bangaon, India, na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi, glukosi na soda ya kuokea ndani ya mapipa na kuwagawia watu wanywe. Vifo vilishuka mno. Anayeuliza kama chumvi na sukari kwenye chupa ya michezo ni mbinu ya kibiashara tu, jibu liko kambini pale.

Kinywaji cha michezo chenyewe kilianzia wapi?

Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1965. Kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani, Dewayne Douglas, alimuuliza daktari wa figo Robert Cade kwa nini wachezaji hawakojoi baada ya mechi. Cade na wenzake watatu walipima wakakuta maji yote yanaishia kwenye jasho, sodiamu na potasiamu zimevurugika, sukari ya damu imeshuka. Wakachanganya maji, chumvi na sukari. Ladha yake haikunyweka mpaka mke wa Cade aliposhauri waongeze maji ya limau. Timu hiyo iliitwa Gators, kwa hiyo kinywaji kikaitwa Gatorade.

Kwenye chupa imeandikwa "isotonic". Maana yake nini?

Maana yake wingi wa chembe zilizoyeyuka kwenye kinywaji unakaribiana na ule wa damu. Damu ina takribani miliosmoli (kipimo cha chembe zote zilizoyeyuka) 275 hadi 295 kwa kilo ya maji. Kinywaji chenye wingi huohuo huitwa isotoniki, chenye chembe chache haipotoniki, chenye nyingi haipatoniki.

Hapa kuna hesabu inayofaa kujifunza, kwa sababu kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, uzito hauhusiki. Chukua gramu 60 za sukari kwa lita moja. Ikiwa ni glukosi, ambayo molekuli zake ni ndogo, unapata chembe kama miliosmoli 333: tayari umeipita damu kabla ya kuweka chumvi. Gramu 60 hizohizo zikiwa sukari ya kawaida ya mezani, yaani sukrosi, unapata 175 tu, kwa kuwa kila molekuli ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Zikiwa maltodekstrini, ambayo ni minyororo ya glukosi nyingi, chembe zinapungua zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huipenda maltodekstrini: nishati ileile, chembe chache, na utamu hauchoshi. Chumvi nayo huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa kila milimoli ikiyeyuka hutoa sodiamu na kloridi.

Kinywaji kikiwa na chembe nyingi kuliko damu, maji yanatoka mwilini na kuingia kwenye utumbo kwanza ili kukizimua. Mtu anahisi tumbo limejaa na linabubujika, wakati mwingine anaharisha katikati ya mbio. Kama kiu na joto ndivyo vinavyokusumbua, chagua kilicho chini kidogo ya damu kwa chembe, maana hicho ndicho kinachovuka haraka.

Soda au juisi je?

Soda ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa mililita 100, karibu mara mbili ya kinywaji cha michezo, na chumvi yake ni ya kutajwa tu. Juisi nyingi ziko hapohapo. Ukizizimua nusu kwa nusu na maji na kuongeza chumvi kidogo zinafaa. Zikiwa kamili wakati wa kukimbia, hapana. Baada ya mbio, pamoja na chakula, hazina neno.

Na hivi vya enaji vinavyouzwa kila duka?

Hivi vinanitia wasiwasi kuliko swali lolote hapa, kwa sababu vinauzwa rafu moja na vinywaji vya michezo na vijana wanavinunua kabla ya mechi wakidhani ni kitu kimoja. Kinywaji cha enaji ni kafeini na sukari nyingi. Kopo dogo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini na gramu 27 za sukari. Hakikutengenezwa kurudisha maji. Sukari yake iko juu sana kwa utumbo ulio kwenye mazoezi, na kafeini inakuondolea hisia ya uchovu wakati mwili unakuambia punguza mwendo, jua limekuwa kali. Kikombe cha kahawa kabla ya mbio ni jambo jingine. Kafeini kwa kiasi husaidia wakimbiaji wengi. Makopo mawili matatu saa saba mchana uwanjani ni hatari kwa moyo na kwa joto la mwili. Mwenye timu ya watoto asiyaruhusu kabisa.

Glukosi ya kopo ninayochanganya na maji inatosha?

Inakupa nishati, lakini glukosi tupu inakosa mwenzake wa kuvuka naye. Ongeza chumvi. Pia watu huweka vijiko vingi mno. Kumbuka ile hesabu ya 333. Gramu 40 hivi kwa lita zinatosha kwa glukosi.

Madafu ni kinywaji cha michezo cha asili, kweli?

Nusu kweli. Madafu yana sukari kidogo, ladha yake inamfanya mtu anywe, na yamehifadhiwa safi ndani ya kifuu chake. Lakini madini yaliyojaa ndani yake ni potasiamu, mara kadhaa ya ile iliyo kwenye jasho, wakati sodiamu, ambayo ndiyo unayoipoteza zaidi, ni chache. Ukimaliza mazoezi Coco Beach au Nyali, dafu moja na karanga au mihogo yenye chumvi ni mapumziko mazuri sana. Ukitaka kuyanywa katikati ya mbio ndefu, tia chumvi kidogo. Mgonjwa wa figo ajihadhari: potasiamu nyingi kwake ni hatari ya kweli.

Naomba kipimo cha kutengeneza nyumbani.

Lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko vya chai 12 vya sukari, vilivyosawazishwa, kama gramu 50. Robo kijiko cha chai cha chumvi, kama gramu 1.5. Ndimu moja, ikamuliwe. Koroga mpaka vyote viyeyuke.

Tukipiga hesabu: sukari inatoa miliosmoli 146, chumvi 51, ndimu inaongeza kidogo. Jumla ni zaidi kidogo ya 200, chini ya damu. Sodiamu ni milimoli 25 kwa lita, juu kidogo ya Gatorade ya kawaida yenye takribani 20. Yule mwenye michirizi myeupe kwenye fulana anaweza kupandisha chumvi mpaka thuluthi ya kijiko. Pima kwa kijiko, usipime kwa macho, kwa sababu kosa la chumvi ndilo linalotapisha. Kinywaji kikae kwenye ubaridi na kitumike siku hiyohiyo. Maji ya sukari ni makazi mazuri ya bakteria.

Wapo wanaosema cha dukani lazima kiwe bora kwa kuwa kimetengenezwa kiwandani. Kiwanda kinakupa usafi, kipimo kisichobadilika na chupa ya kubebea. Kemia ya ndani ni hii hii.

Ninywe kiasi gani?

Jipime. Panda mizani kabla ya mazoezi ukiwa na nguo chache, fanya mazoezi kwa saa moja, jifute jasho, panda tena. Tuseme ulikuwa kilo 62.0, sasa ni 60.8, na njiani ulikunywa nusu lita. Umepungua kilo 1.2, ongeza 0.5 uliyokunywa: jasho lako ni lita 1.7 kwa saa. Watu wengi huangukia kati ya nusu lita na lita 2. Rudia siku ya jua kali na siku ya mawingu, kwa sababu namba hubadilika sana.

Ukishaijua namba hiyo, usijilazimishe kuirudisha yote ukiwa mbioni. Utumbo wa mkimbiaji haupokei lita 1.7 kwa saa bila kulalamika. Kunywa kiu inapokujia, mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, na ukubali kumaliza ukiwa umepungua kidogo. Baada ya hapo, kwa kila kilo iliyopungua, kunywa lita 1.25 hadi 1.5 kwa saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Kiasi kinazidi kilichopotea kwa kuwa figo zitatoa sehemu yake. Bila chumvi zitatoa sehemu kubwa zaidi, na mtu atashangaa anakojoa maji meupe huku bado ana kiu.

Nimesikia maji mengi yanaweza kuua. Si kupiga chuku tu huko?

Ni kweli, na naomba kila mwandaaji wa mbio alisome jibu hili mara mbili. Sodiamu ya damu inapaswa kuwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Mtu akinywa zaidi ya anavyotoa jasho, sodiamu inazimuliwa. Kwa kawaida figo zingetoa maji yaliyozidi, lakini wakati wa mazoezi marefu mwili humwaga homoni inayozifunga figo zisitoe mkojo. Maji yanabaki, yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zinavimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege.

Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini yake. Wengi wao walikuwa wameongezeka uzito wakati wa mbio. Huwezi kukimbia kilomita 42 ukaongezeka uzito isipokuwa umekunywa kupita kiasi. Walio hatarini zaidi ni wanaokwenda polepole, wanaotumia zaidi ya saa nne, wanaosimama kila meza ya maji kwa kuwa wameambiwa "usingoje kiu".

Kinywaji cha michezo hakikingi. Kina sodiamu 20, damu ina 140. Ukikinywa kupita kiasi bado unaizimua damu, polepole kidogo tu kuliko maji.

Wakimbiaji wa Kenya wanakunywa nini?

Chai ya maziwa yenye sukari, na maji. Watafiti waliokaa na wakimbiaji wa kiwango cha juu kambini mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliandika hivyo: mazoezini hawanywi sana, lakini wakirudi wanakunywa chai kwa wingi na kula ugali na mboga zilizotiwa chumvi. Watu wa mijini hufikiri chai "inakausha mwili". Jaribio la mwaka 2016 lililowapima wanaume 72 kwa vinywaji 13 lilionyesha kwamba chai na kahawa hazikuwafanya wakojoe zaidi ya maji, na kwamba maziwa yalibaki mwilini muda mrefu kuliko maji, karibu sawa na ORS. Maziwa yana sodiamu, potasiamu, sukari na protini, na huondoka tumboni taratibu. Chai ya maziwa baada ya mazoezi ni kinywaji cha maana kuliko nusu ya chupa za dukani.

Na huyu Mhabeshi, Haile Gebrselassie, alishinda Dubai Marathon mwaka 2009 kwa saa 2:05:29 akiwa amepungua karibu asilimia 10 ya uzito wake. Sikushauri umwige. Namtaja kwa kuwa mafundisho ya zamani yalidai asilimia 2 tu inatosha kumharibu mkimbiaji yeyote, na miili haifuati mstari mmoja hivyo.

Mbona washindani wakubwa wana chupa zao maalumu?

Kwa sababu shida yao ni sukari kuliko maji. Ile protini ya sodiamu na glukosi ina kikomo: mwili unaweza kutumia kama gramu 60 za glukosi ya kunywa kwa saa, hata ukiongeza. Fruktosi hupita mlango mwingine kabisa. Ukichanganya glukosi na fruktosi, matumizi hufika hadi gramu 90 kwa saa, na ugunduzi huo ulibadilisha marathoni. Sukari ya mezani inayo zote mbili tayari, jambo ambalo watu husahau.

Eliud Kipchoge amekuwa akitumia kinywaji cha kampuni ya Sweden iitwayo Maurten, chenye alijinati ya mwani wa kahawia na pektini ya matunda. Kikikutana na asidi ya tumbo kinaganda kuwa jeli laini, kwa lengo la kupitisha sukari nyingi bila kuchafua tumbo. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, hutoa karajinani.) Majaribio mengi yaliyolinganisha jeli hiyo na sukari zilezile zisizogandishwa hayakukuta tofauti kubwa. Wakimbiaji wengi wanasema tumbo linatulia, na kwa anayekimbia kilomita 42 hilo si jambo dogo. Kwa anayekimbia kilomita 10, fedha hiyo inunue viatu.

Nikisukutua tu na kutema, kuna faida?

Ipo, ajabu. Mwaka 2004 waendesha baiskeli waliosukutua maltodekstrini na kuitema wakati wa jaribio la saa moja walipata matokeo bora kwa karibu asilimia 3. Hakuna kilichofika kwenye damu. Kinywa kina vipokezi vinavyoupa ubongo taarifa kwamba chakula kinakuja. Wenye matumbo mabovu wajaribu.

Misuli ikikaza, ni upungufu wa chumvi?

Mara nyingi siyo. Ingekuwa hivyo, mwili mzima ungekaza, kwa kuwa damu ni moja. Lakini hukaza msuli uleule uliochoka. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni uchovu wa msuli na mishipa yake ya fahamu. Nchini Marekani walijaribu kunywesha watu maji ya achari, misuli ikalegea mapema kuliko chumvi inavyoweza kufika kwenye damu. Inaonekana ukali wa siki kooni ndio unaotuma ishara. Simama, nyosha msuli taratibu. Mwenye jasho la chumvi nyingi anaweza kuongeza chumvi akaona nafuu, ila asiitegemee kuwa dawa.

Naishi Arusha, nakwenda kukimbia Dar. Nibadilishe nini?

Nenda mapema kama unaweza, siku 10 hadi 14. Mwili ukizoea joto unaanza kutoa jasho mapema, kwa wingi zaidi, na lenye chumvi chache, kwa sababu homoni ya aldosteroni inaiamuru mirija ya jasho iokoe sodiamu. Usipoweza, punguza mwendo. Pwani hewa imeshajaa mvuke, jasho haliendi popote. Kule Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, na unapoteza maji kwa pumzi pia, kwa hiyo mtu hudhani hatoi jasho.

Doha mwaka 2019 walianza marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia karibu saa sita usiku kukwepa jua, joto likiwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, hawakumaliza 28. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa 2:32:43, mwendo wa taratibu sana kwake. Wanariadha hao walikuwa na kila kinywaji kinachopatikana duniani.

Wakati wa Ramadhani nifanye mazoezi lini?

Saa ya mwisho kabla ya futari kwa mazoezi mepesi, au baada ya tarawehe kwa magumu. Usimeze lita mbili kwa mkupuo wakati wa daku, zitaishia chooni kabla ya alfajiri kukolea. Sambaza maji kuanzia futari, yaambatane na tende, supu na uji, na daku iwe na chakula chenye chumvi na maziwa ili maji yakae.

Mtoto anaharisha. Nimpe kinywaji cha michezo?

Hapana. Mpe ORS. Fomula ya WHO (Shirika la Afya Duniani) tangu 2002 ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, jumla ya miliosmoli 245. Kinywaji cha michezo kina sodiamu 20 na sukari nyingi kupita kiasi kwa utumbo unaoumwa, na kinaweza kuongeza kuharisha. Pakiti ya ORS ni rahisi kuliko chupa hiyo.

Vinywaji vya michezo vinaharibu meno?

Vinaweza. Asidi ya sitriki inashusha pH (kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka, asidi ni kali zaidi) hadi kati ya 2.5 na 4, wakati enameli, lile gamba gumu la jino, huanza kuyeyuka chini ya 5.5. Mazoezini mate hupungua, kwa hiyo ulinzi hupungua. Kunywa kwa mafunda, usikizungushe kinywani, suuza kwa maji, na usipige mswaki papo hapo. Enameli iliyolainika hukwaruzika.

Mwenzangu ameanguka mbioni. Nimpe maji?

Akiwa na fahamu timamu na analalamika kiu, mpe mafunda. Akiwa amechanganyikiwa, usimnyweshe chochote. Anaweza kuwa amezidiwa na joto au amezidiwa na maji, na kwa kumtazama huwezi kutofautisha kwa uhakika. Ita wahudumu. Akiwa wa moto, mpeleke kivulini na umpoze bila kungoja: kumtumbukiza kwenye maji ya baridi ndiko bora, pasipo na pipa mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Wahudumu wakifika waambie alikimbia muda gani na alikunywa nini, kiasi gani, kwa sababu dripu ya maji mengi inayomfaa aliyepungukiwa inaweza kumuua aliyezidisha.